Kifo cha Spock na Deni la Msimulizi

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi wanafunzi wa uandishi wa filamu mlionialika,

Mliniomba nizungumzie jinsi misururu mirefu ya filamu za anga za juu inavyoweza kubaki na sura yake kwa miaka 30 au 40 huku ikiendelea kuthubutu. Nimeona ni heri nianze na chumba kimoja, ukuta mmoja wa kioo na mtu mmoja anayekufa, kwa sababu karibu kila ninachotaka kusema leo kimo ndani ya chumba hicho.

Filamu yenyewe ni The Wrath of Khan, ya pili katika msururu wa Star Trek, iliyoongozwa na Nicholas Meyer na kutolewa mwaka 1982. Meli ya anga iitwayo Enterprise imepigwa, mtambo wake mkuu umezimika, na mlipuko unaokaribia utawaangamiza wote waliomo. Spock, afisa mwenye damu ya Kivulkani, yaani ya watu wa sayari ya Vulcan, ambaye watazamaji walimjua tangu mwaka 1966 katika televisheni, anaingia peke yake katika chumba kilichojaa mionzi na kuutengeneza mtambo kwa mikono yake. Meli inapona. Admirali Kirk anafika mbio na kukuta haruhusiwi kuufungua mlango, kwa kuwa mionzi itawafikia wengine. Sasa tazameni anachofanya Spock anapoisikia sauti ya rafiki yake. Anainuka kwa taabu, analivuta koti la sare likae sawa, anatembea kuifuata sauti, kisha anajigonga kwenye kioo, kwa maana macho yake hayaoni tena. Hakuna aliyetamka kwamba amepofuka. Tunalifahamu jambo hilo kwa mgongano ule mdogo, na tunamfahamu yeye kwa mkono ule unaoinyoosha sare wakati mwili umekwisha kushindwa. Ni unadhifu wa miaka 16 uliobanwa katika sekunde mbili.

Niruhusuni jambo moja la binafsi. Mtaani kwetu palikuwa na duka la kukodisha kanda za video, na mwenye duka alikuwa na kanda ya filamu ya tatu ya msururu huu, ila ya pili hakuwa nayo. Kwa hiyo mimi nilimwona Spock akirejea duniani kabla sijamwona akifa. Ilipita miaka kabla ya kanda ya pili kufika, na siku niliyoikodi nilikuwa najua kila kitu: nani atakufa, atarudi vipi, na ni nani atakayelia. Hata hivyo, alipokigonga kile kioo, koo lilinikaba. Tangu siku hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba nguvu ya uamuzi mzito katika hadithi hutokana na mshtuko. Mshtuko ulikwisha kuniponyoka. Kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko mshtuko.

Kilichobaki ni deni. Mwandishi anapomuua mhusika, anapofichua siri ya nasaba, anapoiteketeza sayari ya watu, amekopa kutoka kwa mtazamaji, na alichokopa ni imani. Filamu zitakazofuata ama zitalilipa deni hilo ama zitajifanya halikuwahi kuwapo. Wahenga walikwisha kusema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwa maoni yangu uthabiti wa ubunifu katika msururu mrefu hauna maana nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Najua kuna uthabiti wa aina nyingine, ule wa makarani: rangi ya sare, idadi ya sitaha, jina la nyota, mwaka wa vita fulani. Kampuni ya Lucasfilm inaendesha hifadhidata nzima iitwayo Holocron kwa ajili ya kazi hiyo, ili mtunzi wa riwaya na mtengenezaji wa michezo ya kompyuta wasipingane na filamu. Kazi hiyo ninaiheshimu. Lakini filamu hiyo hiyo ya mwaka 1982 ina kosa la kikarani ambalo mashabiki wamelijua kwa miongo: Khan, adui mkuu wa Kirk, anamtambua Chekov, afisa wa zamani wa Enterprise, kwa uso, ilhali kipindi cha televisheni kilichomleta Khan kwa mara ya kwanza, mapema mwaka 1967, kilirushwa kabla Walter Koenig, mwigizaji wa Chekov, hajajiunga na kundi. Walikutana lini? Watu wamelijadili swali hilo kwa furaha, hata wakamtungia Chekov zamu za kazi katika sitaha za chini, na filamu haikupungukiwa na chochote. Kosa la tarehe husameheka. Mtazamaji hasamehi akiona kwamba kile alichokililia hakikuwa na bei.

Meyer aliifanya kazi hiyo kwa fedha kidogo. Filamu ya kwanza, ya mwaka 1979, iliongozwa na Robert Wise na iligharimu kiasi cha dola milioni 45. Ya pili ilipewa takriban milioni 12. Ukiitazama kwa makini utaona ubahili wenye akili: picha kadhaa za meli zimechukuliwa kutoka filamu ya kwanza, na chumba kimoja cha uongozi kilichojengwa studioni kilitumika kwa meli mbili zinazopigana. Siamini kwamba umaskini wa bajeti huzaa sanaa, na nisije nikanukuliwa na mtayarishaji yeyote kwamba mimi nimesema hivyo. Nasema tu kwamba msururu ule ulikuwa hauna cha kupoteza, na mtu asiye na cha kupoteza huwa haulizi mara mbili.

Kisha palitokea jambo ambalo lingeweza kuiharibu kazi yote. Habari za kifo cha Spock zilivuja kabla ya filamu kukamilika, na mashabiki walikasirika mno. Mtu mwoga angekifuta kifo. Meyer na mtayarishaji Harve Bennett walifanya kinyume: walikileta mbele. Filamu inafunguka kwa vita; meli inalipuka, na Spock anaanguka na kufa katika dakika za mwanzo. Halafu mlango unafunguka, mwanga unaingia, na tunagundua kwamba lilikuwa zoezi la wanafunzi wa uafisa, mtihani usio na ushindi ambao shabaha yake ni kupima jinsi nahodha anavyokikabili kifo. Kirk anamkuta Spock kwenye ujia na kumuuliza kama si amekwisha kufa. Ukumbi mzima ulioingia na uvumi ule kifuani ulishusha pumzi: kumbe ndicho kifo chenyewe walichokisikia. Na mtihani ule haukuwekwa kwa ajili ya hila tu. Tunaelezwa kwamba Kirk, alipokuwa mwanafunzi, aliushinda kwa kuibadilisha programu ya kompyuta. Filamu nzima ni habari ya mtu aliyekwepa kushindwa maisha yake yote, mpaka jioni moja rafiki yake akashindwa kwa niaba yake. Mwishoni Kirk anakiri kwamba hajawahi kukikabili kifo, alikuwa akikihadaa. Lile zoezi la mwanzo, lililotutuliza, ndilo lililotuandaa kumwelewa.

Deni ndilo hilo. Sasa tulifuate lilivyolipwa.

Filamu ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Leonard Nimoy, yaani Spock mwenyewe, inamrudisha Spock, na kwa kawaida mimi huchukia wafu wanaorudi. Lakini angalieni ankara. Kirk anaiba meli yake mwenyewe na kuvunja amri za wakubwa wake. Mwanawe David, ambaye amemfahamu kwa muda mfupi tu, anauawa na Waklingoni, maadui wa siku nyingi wa Kirk na wenzake. Ili kuwaokoa waliobaki anailipua Enterprise, na tunasimama pamoja naye mlimani kuitazama ikiwaka angani kama kimondo. Baba yake Spock anamwambia wazi kwamba amelipa kwa meli na kwa mwana. Katika filamu ya mwaka 1986 bado analipa: anashtakiwa na kushushwa cheo. Na miaka mitano baadaye, mwaka 1991, Meyer aliporudi kuongoza filamu ya sita, alilifungua jeraha lile la mwana kana kwamba lilikuwa la jana. Himaya ya Waklingoni imeyumba baada ya mwezi wao wa migodi kulipuka, wanaomba amani, na Kirk ndiye anayetumwa kuwapokea. Usiku, chumbani mwake, anaisimulia kumbukumbu yake ya kila siku na kusema kwamba hawaamini watu wale na hatawasamehe kamwe kwa kifo cha kijana wake. Maneno hayo yanarekodiwa na wenye njama, na baadaye yanachezwa mahakamani kama ushahidi kwamba yeye ndiye muuaji. Filamu hiyo ilitoka mwezi Desemba mwaka 1991, mwezi uleule Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, na waliokuwa wakiitazama hawakuhitaji kuelezwa Waklingoni ni akina nani. Lakini isingekuwa na uchungu ule kama isingekuwa na kaburi la David nyuma yake. Uthubutu wa kumwonyesha shujaa akiwa na chuki uliwezekana kwa sababu msururu ulikuwa umeiweka risiti kwa miaka saba.

Kuna risiti nyingine, ndogo, ambayo naipenda kuliko zote. Katika filamu ya mwaka 1982, Daktari McCoy anampa Kirk zawadi ya siku ya kuzaliwa: miwani ya kale ya kusomea. Ni zawadi inayouma, kwa sababu inamwambia kwamba amezeeka. Karibu na mwisho, baada ya vita, Kirk anaitoa na kukuta kioo kimevunjika. Kisha katika filamu ya mwaka 1986 mashujaa wetu wamerudi nyuma katika wakati, wako San Francisco ya karne ya 20, na hawana hata senti moja ya kupandia basi. Kirk anaingia katika duka la vitu vya kale na kuiuza miwani ileile. Muuzaji anampa dola 100. Spock anamuuliza kama hiyo si zawadi ya Daktari McCoy, na Kirk anajibu kwamba itakuwa zawadi tena, na ndio uzuri wake. Watu hucheka hapo, na wana haki ya kucheka. Mimi nawaomba mwone pia kwamba hakuna aliyewalazimisha waandishi kuikumbuka miwani ile. Wangeweza kumuuzisha Kirk saa au pete. Waliikumbuka kwa sababu walikuwa wakiishi ndani ya hadithi, na mtu anayeishi katika nyumba hujua kilipo kila kilichovunjika.

Filamu ya mwaka 1989 naipita haraka. Ilimzulia Spock kaka wa upande wa baba ambaye hakuwahi kutajwa, ikamuua kabla ya filamu kwisha, na filamu iliyofuata haikumtaja kabisa.

Lakini ya mwaka 2013 siwezi kuipita, kwa sababu ni mfano ulio kinyume na kioo chetu. Miaka minne kabla yake, mwaka 2009, J.J. Abrams alikuwa ameuanza upya msururu katika mkondo mwingine wa wakati, akaiteketeza sayari ya Vulcan nzima pamoja na mama yake Spock. Huo ulikuwa uthubutu wa kweli, na niliuheshimu. Filamu ya pili katika mkondo huo ikamrudisha Khan, ikarudisha chumba cha mionzi na ukuta wa kioo, ikabadilishana watu: Kirk ndani, Spock nje. Waigizaji hawakufanya vibaya. Ila kabla machozi hayajakauka, damu ya Khan inamfufua Kirk, na filamu iliyofuata, ya mwaka 2016, haiulizi kwa nini watu bado wanakufa katika ulimwengu uliokwisha kupata dawa ya kifo. Waliuchukua ukuta wa kioo, wakaiacha ankara. Filamu hiyo ya mwaka 2016, kwa upande wake, ilifanya jambo la heshima: Nimoy alikuwa amefariki mwezi Februari mwaka 2015, na filamu ikauingiza msiba huo ndani ya hadithi, ikampa Spock kijana picha ya wenzake wa zamani aiangalie kimya kimya.

Nageukia Star Wars, kwa sababu najua wengi wenu mmeiingojea. Mara nyingi husemwa kwamba msururu thabiti ni ule uliopangwa wote tangu mwanzo. Ushahidi unakataa. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, mzee Obi-Wan anamwambia mwanafunzi wake Luke, shujaa wa hadithi, kwamba Darth Vader, mwovu wa filamu hiyo, alimsaliti na kumuua baba yake. Leigh Brackett alipoandika rasimu ya kwanza ya filamu iliyofuata, akaikamilisha mapema mwaka 1978 muda mfupi kabla ya kufariki, baba yake Luke aliingia humo akiwa mzimu, mtu mbali na Vader. Siri kwamba Vader ndiye baba ilizaliwa baadaye, George Lucas alipoendelea kuiandika. Iliposhughulikiwa studioni ilifichwa hivi: David Prowse, aliyevaa vazi la Vader, alipewa maneno mengine, yanayosema kwamba Obi-Wan ndiye aliyemuua baba, Mark Hamill aliambiwa ukweli muda mfupi kabla ya kupigwa picha, na sauti ya James Earl Jones ikaja kuyaweka maneno yenyewe baadaye. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1980 ikiwa inapingana waziwazi na ile ya kwanza.

Mwaka 1983 deni lilikuja kudaiwa. Luke anamuuliza Obi-Wan kwa nini alimdanganya, na mzee anajitetea kwamba alichosema kilikuwa kweli kwa mtazamo fulani. Ni kiraka, kila mtu anakiona kuwa ni kiraka. Kwa nini basi kimedumu? Kwa sababu badiliko lile lilimwongezea shujaa mzigo. Luke amempoteza baba shujaa, amepata baba katili, na sasa mwalimu wake hawezi kuaminiwa kikamilifu. Hadithi ilijipinga, na gharama ikapanda.

Sasa mlinganishe na Rey, shujaa wa filamu mpya za Star Wars. Filamu ya mwaka 2017, iliyoandikwa na kuongozwa na Rian Johnson, ilisema kwamba wazazi wa Rey hawakuwa watu wa maana, walimuuza ili wapate fedha za kunywea. Baada ya miaka 40 ya ukoo mmoja, msururu ulitamka kwamba kipaji kinaweza kumshukia mtoto wa jalalani. Mimi niliona ni uamuzi shupavu kuliko wote tangu ule wa mwaka 1980. Mwaka 2019, Abrams aliporejea baada ya mwongozaji aliyekuwa amepangiwa kazi hiyo kuondoka, tukaambiwa kwamba Rey ni mjukuu wa mfalme Palpatine, na kwamba wazazi wake walichagua tu kuishi kama watu wasiojulikana. Hiki nacho ni kiraka, na kwa maneno kinafanana sana na kile cha Obi-Wan. Wapo wanaosema kuwa mjukuu wa mwovu ni mzigo mzito, na nawaelewa. Lakini mzigo huo Luke alikwisha kuubeba, tena akautua mbele yetu mwaka 1983. Upweke wa Rey ndio uliokuwa wake peke yake, na huo ndio alionyang'anywa. Gharama ilishuka. Na Palpatine, ambaye kifo chake kilikuwa ndiyo fidia ya Vader kwa mwanawe, alirudishwa katika maandishi ya ufunguzi, kabla hata ya mhusika mmoja kufungua mdomo. Kampuni ya Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa kiasi cha dola bilioni nne, na ninaelewa kwamba kitu cha thamani hiyo hutia hofu. Lakini hofu haijui kulipa deni. Inajua kukopa tena.

Nisiwe mkali tu. Msururu huo pia una uaminifu mdogo mdogo unaonigusa, na mmoja unatuhusu watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1983, rubani wa ajabu aitwaye Nien Nunb alipoonekana kando ya Lando, mmoja wa wenzake Luke, lugha iliyomtoka ilikuwa ya Kenya: sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, akitumia Kikalenjin na maneno ya Kikuyu. Kiumbe huyo aliporudi mwaka 2015, wangeweza kumwekea sauti ya mtu yeyote. Walimtafuta Rotich.

Kabla sijamaliza, nina dai langu kama msemaji wa Kiswahili, na nalileta hapa kwa dhati. Luteni Uhura wa Star Trek alipewa jina lililotokana na neno letu uhuru. Nichelle Nichols, mwigizaji wake, alikuwa ameshika kitabu kiitwacho Uhuru alipokwenda kufanyiwa majaribio. Jina lake la kwanza, Nyota, lilikaa katika riwaya kwa miaka mingi kabla filamu ya mwaka 2009 haijalitamka. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, chombo kinachojiendesha chenyewe kinamsikia Uhura akiimba, hakielewi wimbo ni nini, na kinamfuta kumbukumbu yote. Tunamwona katika zahanati ya meli akifundishwa kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza, kidole chini ya neno, na anapokwama, maneno yanayomtoka kwa hasira ni ya Kiswahili. Daktari anasema baada ya wiki atarejea kazini. Na kweli, katika vipindi vilivyofuata yuko kazini, mbele ya mitambo yake ya mawasiliano, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kusoma alifundishwa upya. Utoto wake alirudishiwa na nani? Je, yeye alimkumbuka mama yake, au alisimuliwa habari za mama huyo na watu wasiomjua? Wimbo ule aliokuwa akiuimba, je, aliujua tena? Katika filamu zote nilizozitaja leo, kuanzia mwaka 1979 hadi 2016, hakuna hata moja iliyomuuliza. Lugha iliyorudi ya kwanza ilikuwa yetu, na mimi bado nangoja siku ambayo mwandishi mmoja, pengine mmoja wenu, atamketisha Uhura na kumuuliza maswali hayo, naye ajibu kwa Kiswahili.